Bodi saba, kadi moja: kisa cha maktaba za Toronto

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1998, bodi saba za maktaba za umma katika eneo la Toronto, Kanada, zilikoma kisheria. Kulipopambazuka palikuwa na bodi moja, yenye matawi 98 na jukumu la kuhudumia watu wapatao milioni 2.3.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kimekomaa. Miungano mingi ya maktaba huandikwa ikiwa bado ni mpango: takwimu za makadirio, michoro ya vyeo, ahadi za kuokoa fedha. Toronto imeishi na muungano wake kwa zaidi ya robo karne, kwa hiyo tunaweza kuangalia kilichoshika na kilichopasuka. Msimamo wangu nautaja mapema. Muungano ule ulifaulu kama huduma. Kama njia ya kubana matumizi, haukuthibitika. Na uliacha sehemu mbili dhaifu ambazo zilikuja kujulikana miaka mingi baadaye, moja mwaka 2011 na nyingine mwaka 2023. Ninachoamini baada ya kukifuatilia ni kwamba maktaba za majirani zinaungana vizuri pale kinachounganishwa ni kile ambacho msomaji hakioni, huku mlango anaoujua ukibaki pale pale ulipokuwa.

Majirani sita na nyumba ya saba

Toronto ya kabla ya 1998 haikuwa mji mmoja. Mwaka 1953 Jimbo la Ontario lilipitisha sheria ya kuunda serikali ya pamoja, maarufu kama Metro, juu ya manispaa 13 zilizopakana. Mwaka 1967 manispaa hizo zilipunguzwa hadi sita: Toronto yenyewe, North York, Scarborough, Etobicoke, York na East York. Kila moja iliendelea kuwa na meya wake, madiwani wake na maktaba zake.

Ukubwa wao ni jambo la kuzingatia. Sensa ya 1996 iliipa Toronto watu wapatao 654,000, North York 590,000, Scarborough 559,000, Etobicoke 329,000, York 147,000 na East York 108,000. Mahali pengi muungano wa maktaba humaanisha mji mkubwa kumeza vijiji vya pembeni. Hapa wawili kati ya majirani walikaribia kulingana na mji wenyewe. North York ilikuwa na maktaba kuu yake, iliyofunguliwa 1987 na kuchorwa na Raymond Moriyama, msanifu yule yule aliyechora Maktaba ya Rejea ya Metro iliyofunguliwa 1977. Wakutubi wa North York hawakuhitaji kufundishwa kazi na mtu wa mjini.

Tena kuungana hakukuwa jambo geni kwa majengo yenyewe. Chukua tawi la Weston. Lilijengwa mwaka 1914 kwa fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyefadhili maktaba nyingi Amerika na Uingereza. Wakati huo lilikuwa la mji mdogo wa Weston. Mwaka 1967 Weston ikaingizwa ndani ya York, na tawi likawa la York. Mwaka 1998 York ikaingizwa ndani ya Toronto, na tawi likawa la Toronto. Jengo limebaki pale pale na bado ni maktaba. Wamiliki watatu wamepita na mtoto wa Weston amekuwa akiingia kwa mlango ule ule. Tawi la Annette, upande wa magharibi, lina historia inayofanana: lilijengwa kwa ajili ya mji wa West Toronto na likafunguliwa mwaka 1909, mwaka ule ule mji huo ulipomezwa na Toronto.

Bodi ya saba ndiyo iliyoutofautisha muungano huu na mingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Metro ilipewa bodi yake ya maktaba, na mkusanyiko wa rejea uliokuwa wa mji wa Toronto ukahamishiwa kwenye bodi hiyo ili uwahudumie wakazi wote wa eneo zima. Mkusanyiko huo ndio ulioingia katika jengo la Moriyama, barabara ya Yonge namba 789. Maana yake ni kwamba miaka 30 kabla ya muungano mkuu majirani hawa walikuwa tayari na kitu kimoja cha pamoja, kilichogharamiwa na wote na kutumiwa na wote, bila yeyote kupoteza tawi lake. Mwanafunzi wa Etobicoke aliyekuwa akitafuta magazeti ya zamani alikwenda Yonge kwa haki yake, hakuwa mgeni wa mtu.

Kwa wapangaji wa leo naona hapa pana somo kubwa kuliko lile la sheria ya 1997 iliyolazimisha muungano. Majirani waliokwisha kuendesha kitu kimoja pamoja kwa miaka mingi wanajuana: wanajua nani hulipa kwa wakati, nani hununua vitabu kwa pupa, nani hujificha mkutano wa bajeti unapofika. Kuwaunganisha watu wa namna hiyo ni kazi ngumu, lakini si kazi ya kubahatisha.

Muungano ulioamriwa

Wenyeji hawakuuomba muungano. Serikali ya jimbo chini ya waziri mkuu Mike Harris, wa chama cha Progressive Conservative, ilileta Muswada namba 103 wa kuzifuta serikali zote sita na Metro juu yao, na kuunda jiji moja. Tarehe 3 Machi 1997 manispaa ziliendesha kura za maoni, na takriban robo tatu ya waliopiga kura walisema hapana. Kura hizo hazikuifunga serikali. Bungeni wapinzani walirundika mapendekezo ya marekebisho kwa maelfu ili kuchelewesha upitishaji. Muswada ulikuwa sheria tarehe 21 Aprili 1997, na siku ya kuanza ikawa 1 Januari 1998.

Hesabu miezi: ni minane na siku kadhaa. Ndani ya muda huo maktaba saba zilipaswa kujua nani ataziongoza, wafanyakazi wao watalipwa na nani, na mikataba ya majengo, magari na vitabu itahamia wapi. Sitaki kulipamba jambo hili. Kuwalazimisha watu kuungana baada ya robo tatu ya wapigakura kukataa ni kuwadharau, na hasira ile ilibaki katika siasa za jiji kwa miaka. Lakini maktaba hazikupata sehemu kubwa ya hasira hiyo, na sababu zake zinafaa kuchambuliwa.

Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Maktaba za Umma ya Ontario ilikuwa inazibana bodi zote kwa namna moja: mtu haruhusiwi kutozwa fedha kwa kuingia maktaba, kwa kusomea humo, wala kwa kuazima vitabu. Haki ya msingi ya msomaji haikuwa jambo la kujadiliana. Majadiliano yalianzia juu ya sakafu hiyo. Fikiria ingekuwaje kama jirani mmoja angekuwa anatoza ada ya uanachama na mwingine hatozi. Siku ya kwanza ya muungano kuna watu wangeamka wakidaiwa fedha ambazo jana hawakudaiwa, na hakuna hotuba ambayo ingewatuliza.

Sababu ya pili ni kwamba maktaba zilikuwa na bodi zenye uwepo wake kisheria, hazikuwa idara ndani ya ofisi ya meya. Ofisi za mipango, barabara na takataka zikigombania vyeo katika jiji jipya, maktaba ilikuwa na meza yake ya kufanyia maamuzi.

Ya tatu ni uongozi. Mkutubi mkuu wa kwanza wa mfumo mpya alikuwa Josephine Bryant, aliyekuwa akiongoza maktaba za North York. Meya wa kwanza wa jiji jipya, Mel Lastman, naye alitoka North York. Jina lililobaki lilikuwa la Toronto, na makao makuu yalikuwa barabara ya Yonge, katikati ya mji wa zamani, lakini usukani ulishikwa na mtu wa kitongoji. Sidhani kama kuna barua au kipeperushi ambacho kingeweza kuwatuliza wakutubi wa Scarborough na Etobicoke kama ulivyofanya uteuzi ule.

Kazi isiyoonekana

Hapa ndipo mipango ya kuunganisha maktaba huwa inaharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wanaposikia «katalogi moja» hudhani ni kukusanya orodha saba na kuzigandisha pamoja. Sivyo. Kitabu kimoja kinaweza kuwa kimeandikishwa kwa namna tofauti katika kila mji: jina la mwandishi limeandikwa kamili hapa na kwa herufi za mwanzo kule, toleo la pili limechanganywa na la kwanza, tafsiri imewekwa chini ya jina la mfasiri. Ukiunganisha bila kulinganisha, msomaji anayetafuta kitabu hicho atakiona mara nne kama vitabu vinne, au hatakiona kabisa. Kisha kuna namba. Kila nakala ya kitabu ina namba yake chini ya ile misimbo ya mistari, na miji iliyokuwa haiwasiliani inaweza kuwa imegawa namba ile ile kwa vitu viwili visivyohusiana. Mashine haitakwambia kuna kosa. Itarekodi tu kwamba mzee wa East York ameazima kitabu cha mapishi ambacho hajawahi kukigusa.

Wasomaji nao ni rekodi. Mtu anayeishi mpakani, akifanya kazi upande mmoja na kulala upande mwingine, anaweza kuwa na kadi mbili. Kadi hizo zikiunganishwa, je, deni la kadi ya kwanza linamfuata kwenye ya pili? Akiwa amefungiwa upande mmoja kwa kitabu kilichopotea, atafungiwa jiji zima? Maswali haya yanaonekana madogo mpaka umkute mama amesimama kwenye kaunta na watoto wawili, kadi yake inakataa, na mhudumu hajui amwambie nini. Kwa maoni yangu, kikundi kinachopanga muungano kinapaswa kuanza na kaunta hiyo. Majibu ya maswali yake yaandikwe kwa lugha nyepesi na yajulikane na kila mfanyakazi kabla ya siku ya kwanza.

Kuna pia zawadi za zamani. Toronto ilikuwa na Mkusanyiko wa Osborne wa vitabu vya kale vya watoto, uliotolewa mwaka 1949 na Edgar Osborne, mkutubi wa Uingereza, kwa heshima ya Lillian H. Smith, aliyeanzisha huduma za watoto katika maktaba za Toronto tangu 1912. Zawadi hiyo ilikuja na masharti ya kutunzwa na kuendelezwa. Bodi mpya ilirithi rafu pamoja na ahadi zilizofungwa kwenye rafu hizo. Wapangaji wanaosahau kupekua hati za zawadi hujikuta wamehamisha kitu wasicho na ruhusa ya kukihamisha, na mfadhili au wajukuu wake wanabisha hodi.

Jambo lililonivutia zaidi katika muundo mpya ni namna walivyopanga matawi bila kuyafanya yafanane. Leo Maktaba ya Umma ya Toronto ina matawi 100. Mawili ni ya rejea na utafiti: lile la Yonge na la North York. Kumi na saba ni ya wilaya, makubwa, yenye mikusanyiko mipana. Yaliyobaki 81 ni ya mtaani. Mpango huu uliheshimu kilichokuwapo. Maktaba kuu ya North York haikushushwa hadhi ili ya Yonge ibaki peke yake juu. Vitongoji vilivyokuwa na maktaba kubwa vilibaki nazo, zikipewa jina linaloeleza kazi yake katika mfumo mzima. Na mwaka 2015, miaka 17 baada ya muungano, tawi la mia moja lilifunguliwa Scarborough, karibu na ofisi ya zamani ya manispaa. Kitongoji kilichopoteza serikali yake kilipata tawi jipya.

Manunuzi ya vitabu ndiyo yaliyokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuondoa ladha ya mahali. Ofisi moja ikinunua kwa niaba ya mitaa yote, ni rahisi kununua kitabu kimoja mara mia. Lakini Toronto ni jiji la wahamiaji, na lugha hubadilika ukivuka barabara chache: Kichina na Kitamil Scarborough, Kisomali kaskazini mwa Etobicoke, Kireno magharibi mwa mji wa zamani. Baadhi ya familia za Waismaili zilizotoka Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, walifanya makazi upande wa Don Mills, North York. Katalogi moja ilisaidia hapa kwa namna ambayo bodi saba zisingeweza: kitabu cha Kitamil kilichoko Scarborough kinaweza kuagizwa na kuchukuliwa katika tawi lolote la jiji. Msomaji mmoja wa lugha ndogo anayekaa mbali na wenzake alipata rafu ambayo mtaa wake peke yake usingeweza kuijaza.

Fedha

Nitapita haraka, kwa sababu sehemu hii husemwa sana na huthibitishwa kidogo.

Serikali ya Harris iliuza muungano wa jiji kwa hoja ya kuokoa mamilioni ya dola kila mwaka. Wataalamu wa fedha za serikali za mitaa waliouchunguza baadaye hawakuona nafuu ya namna iliyoahidiwa. Sababu kubwa ni mishahara. Ukiwaweka mkutubi wa York na mkutubi wa Toronto katika bodi moja, kazi moja na chama kimoja cha wafanyakazi, hakuna atakayekubali kushushwa hadi mshahara wa chini. Viwango hupanda kuelekea kwa anayelipwa zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa huduma: mtaa wenye saa chache za kufungua hudai saa za jirani, na hauna kosa kudai. Kuongeza utata, wakati ule ule jimbo liliisukumia miji gharama nyingine, zikiwemo za nyumba za watu wa kipato kidogo na usafiri wa umma, kiasi kwamba kupima athari ya muungano peke yake ikawa kama kupima chumvi ndani ya mchuzi uliokwisha kuchanganywa.

Hili halinifanyi niseme muungano ulikuwa hasara. Linanifanya niwaombe madiwani wasiuuze kwa bei ambayo hautaifikia. Muungano wa maktaba ukitetewa kwa akiba, mwaka wa tatu mtu atauliza akiba iko wapi, na jibu la karibu kabisa litakuwa kufunga matawi.

Nyufa mbili

Ufa wa kwanza ulionekana mwaka 2011. Rob Ford alikuwa ameingia umeya kwa ahadi ya kubana matumizi, na washauri walioajiriwa kupitia huduma za jiji waliweka maktaba katika orodha ya mahali pa kukata. Ndugu yake, diwani Doug Ford wa Etobicoke, alilalamika kwamba eneo lake lina maktaba nyingi kuliko migahawa ya Tim Hortons, ile ya kahawa iliyotapakaa Kanada nzima. Mwandishi Margaret Atwood alisambaza mtandaoni ombi la kutetea maktaba. Mwishoni mwa Julai wakazi walijitokeza mbele ya kamati ya meya na kutoa maoni usiku kucha hadi asubuhi ya pili.

Hapo ndipo unapoiona hatari ya bodi moja. Mwaka 1997 mwanasiasa aliyetaka kukata maktaba zote alihitaji kushinda katika kumbi saba. Mwaka 2011 alihitaji ukumbi mmoja. Lakini upande wa pili wa sarafu ni wa kweli vilevile: watetezi nao walikuwa na ukumbi mmoja wa kwenda, na walitoka mitaa yote. Tawi la masuala ya miji lililokuwa katika jengo la iliyokuwa serikali ya Metro lilifungwa mwaka huo. Upunguzaji mwingine mwingi uliopendekezwa ulirudishwa nyuma na baraza Januari 2012, na miezi miwili baadaye wafanyakazi wa maktaba waligoma kwa siku 11. Ulikuwa ushindi wa nusu, na gharama yake waliilipa watu wa kaunta.

Bodi moja hiyo hiyo ina faida ambayo inafaa kuwekwa kwenye mizani. Machi 2022 Maktaba ya Toronto iliondoa faini za kuchelewesha vitabu kwa wasomaji wote, baada ya kuziondoa kwa watoto mwaka uliotangulia. Uamuzi ulikuwa mmoja, ukafika matawi yote 100. Kwa mpangilio wa zamani kungekuwa na miaka ya mabishano kati ya miji jirani kuhusu nani aanze.

Ufa wa pili ni mbaya zaidi, na unawahusu wote wanaoota mfumo mmoja wa kompyuta. Tarehe 28 Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Toronto kwa programu inayofunga mafaili ya kompyuta hadi fidia ilipwe. Maktaba haikulipa. Tovuti, akaunti za wasomaji, kompyuta za umma na uchapishaji vilizimika katika jiji zima. Matawi yaliendelea kufunguliwa, na wafanyakazi walirudi kwenye kuazimisha kwa mkono. Vitabu vilivyorudishwa havikuweza kupokelewa na mfumo, hivyo vikarundikwa ndani ya matrela ya malori, zaidi ya milioni moja, vikisubiri. Huduma zilianza kurudi kwa ukamilifu mwanzoni mwa 2024.

Kuna jambo dogo katika tukio lile ambalo siwezi kuliacha. Maktaba ilitangaza kwamba taarifa zilizoibwa ziliwahusu wafanyakazi wa sasa na wa zamani kuanzia mwaka 1998. Ni mwaka wa muungano wenyewe. Faili zilizokusanywa pamoja tangu siku ile ya kwanza ziliweza kuchukuliwa pamoja. Maktaba saba zenye kompyuta saba zisingezimika zote asubuhi moja. Sisemi turudi huko. Nasema atakayeunganisha katalogi aweke kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza nakala za akiba zilizotengwa na mtandao, utaratibu wa kuazimisha kwa karatasi uliofanyiwa mazoezi, na siku ya kufuta rekodi za watu walioacha kazi muda mrefu. Fedha hizo zihesabiwe kuwa gharama ya muungano, zisihesabiwe kuwa anasa ya idara ya kompyuta.

Kutoka Yonge hadi Kaloleni

Tanzania haina tatizo hili kwa sura ile. Tangu sheria ya 1963, iliyofuatwa na ile ya 1975, maktaba za umma zimekuwa chini ya bodi moja ya taifa, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Swali la Tanzania ni la kugatua, siyo la kuunganisha.

Kenya ni tofauti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Jijini Nairobi hilo limeacha mifumo miwili inayopitana barabarani. Kuna maktaba za jiji: McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi kuwazuia Waafrika, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara huko Eastlands, ambayo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limefanya kazi kubwa ya kuyafufua. Na kuna maktaba zilizoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, kama tawi la Buruburu na jengo la Maktaba Kuu. Mwanafunzi wa mtaa wa Jericho, huko huko Eastlands, haoni mipaka hiyo. Anaona umbali wa kutembea na kama kiti kipo.

Sheria ya Ontario ina kifungu ambacho ningependa wapangaji wa kaunti zetu wakisome. Kando na muungano ulioamriwa kama wa Toronto, inaziruhusu halmashauri mbili au zaidi kukubaliana kwa hiari kuunda maktaba ya muungano, kwa sharti kwamba makubaliano yataje sehemu ya gharama ambayo kila mmoja atalipa, ikiwa ni pamoja na gharama za maktaba zilizokuwapo. Nani analipa nini huandikwa kabla ya bodi za zamani kuvunjwa. Kifungu hicho kimoja kingezuia nusu ya magomvi ninayoyajua kuhusu majengo ya umma yaliyohamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Kama ningekaa kwenye meza ya mpango wa Nairobi, nisingeanza na bodi wala vyeo. Ningeomba orodha moja ya vitabu vilivyoko McMillan, Kaloleni, Makadara, Buruburu na Maktaba Kuu, inayofunguka kwenye simu ya mwanafunzi, ikionyesha kitabu kiko tawi gani na kama kimeazimwa. Kila tawi libaki na mwenyewe na bajeti yake. Baada ya miaka miwili ya kuitunza orodha hiyo pamoja, tungejua ni nani huleta taarifa zake kwa wakati, ni tawi lipi linaombwa vitabu na mitaa mingine kuliko yote, na ni kiasi gani kinahitajika kwa gari la kuvisafirisha. Mazungumzo ya bodi moja yaanzie kwenye takwimu hizo.